Harusi Kumasi mwezi wa Desemba: siku tisa zinatosha kuizunguka Ghana?

Mwajuma_Moro

Habari za jioni wakuu. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo anaolewa Kumasi, Jumamosi ya pili ya Desemba, na safari hii nimeapa sitoi udhuru. Mimi magharibi mwisho wangu ni Kigoma. Natua Accra Jumatatu usiku kabla ya harusi, nageuza Jumatano ya wiki inayofuata. Nimepanga hivi: Accra siku moja, Cape Coast kwenye ngome za watumwa, Kumasi harusini, halafu hifadhi ya Mole kule kaskazini kuona tembo, ndipo nirudi Accra kupanda ndege.

Naomba kujuzwa: chanjo, namna ya kubeba pesa, mabasi yao, na zawadi ya kumpelekea bibi harusi. Chakula pia, maana mimi na pilipili hatuelewani.

Fundi_wa_Tema

Dada Mwajuma, shikamoo kama umenizidi. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekaa Tema, mji wa bandari jirani na Accra, miezi kumi na minne nikichomelea mabomba kiwandani, kwa hiyo nitakwambia niliyoyaona kwa macho yangu.

Kadi ya njano kwanza. Chanjo ya homa ya manjano uchome si chini ya siku kumi kabla ya safari. Ukichoma mara moja ni ya maisha. Accra wanaikagua, na ukirudi huku ukitokea Ghana watakudai tena, kwa hiyo usiitupe ndani ya begi kubwa. Vidonge vya malaria muulize daktari. Usijivunie kwamba umezaliwa na mbu. Kuhusu viza, Julai 2016 raia wa nchi za Umoja wa Afrika waliruhusiwa kuipata wakifika, lakini masharti haya hugeuka. Wapigie ubalozi kabla hujalipia tiketi. Na hiyo tiketi ikate mapema, Desemba Waghana wa Ulaya na Marekani wote wanarudi nyumbani.

Pesa: beba dola safi, noti za mia, zisizo na mikunjo. Badilisha dukani, si kwa vijana wa nje. Mimi wiki ya kwanza nilimwamini mmoja kwa sababu alinisalimia vizuri; nilipohesabu cedi zangu, yaani pesa ya Ghana, ndani ya teksi, katikati mlikuwa na noti ndogondogo tupu. Baada ya hapo sajili laini kwa pasipoti, uwe na "MoMo" kwenye simu. Ndiyo M-Pesa yao, hadi muuza machungwa anaipokea.

Sasa barabara, hapa ndipo penye maneno. Magari yanapita kulia! Nchi nzima ilihama kutoka kushoto mwaka 1974, wewe kichwa chako bado kiko stendi ya Msamvu, Morogoro. Ukivuka, angalia huku na huku mara mbili. Daladala zao ni trotro, na konda anaitwa "mate". Hakuna ratiba, gari linaondoka likijaa. Accra hadi Cape Coast ni kilomita kama 145, nenda stendi ya Kaneshie asubuhi, weka saa tatu kwa usalama. Accra hadi Kumasi ni kama kilomita 250, ila weka siku nzima. Kwa safari hiyo panda basi kubwa, na ubebe shuka, kiyoyozi chao kinagandisha maziwa. Teksi ukisema "dropping" maana yake umeikodi peke yako, patana bei kabla hujafungua mlango.

Ndiyo maana nasema Mole iache. Accra hadi mji wa Tamale tu, kaskazini, ni zaidi ya kilomita 600, na Mole iko mbele zaidi. Utakula siku nne za wiki yako kwenye kiti cha basi, kumwona tembo ambaye Mikumi anavuka lami mbele ya basi la Iringa!

Hizo siku zipeleke Cape Coast, lala mbili. Ngome ya Elmina ilijengwa na Wareno mwaka 1482, ingia na mwongozaji, usiingie peke yako. Kama umewahi kushuka kwenye vile vyumba vya chini Mkunazini, Unguja, utaijua ile hewa. Mimi sikula mchana ule. Kesho yake amka mapema uende msitu wa Kakum, kuna madaraja saba ya kamba juu ya miti. Nenda kabla mabasi ya wanafunzi hayajafika, daraja likiwa na watu thelathini linacheza ngoma.

Chakula usiogope. Tafuta waakye, ni wali na maharage, unapikwa na majani ya mtama hadi unakuwa mwekundu. Sema pilipili, yaani "shito", iwekwe pembeni. Muuzaji atakuuliza kama unataka gari juu yake. Usicheke, gari kwao ni unga wa muhogo uliokaangwa. Banku ni ugali uliochachuka, siku ya tatu utaupenda. Fufu haitafunwi, inamezwa.

Kwa mwanamke anayejua nguo, zawadi ni khanga. Vitenge wanavyo kutuzidi, lakini nguo yenye methali upindoni itawafanya wakusanyike.

Msafiri_Voi

Fundi, nakupinga kidogo tu. Mole si Mikumi. Pale unaweza kutembea kwa miguu na askari mwenye bunduki. Kuna ndege za ndani Accra–Tamale, kama saa moja hivi, na Desemba ni kiangazi, wanyama wanakuja majini. Njiani kuna ule msikiti wa udongo wa Larabanga. Mimi nilienda na sijuti.

Fundi_wa_Tema

Kaka, wewe ulienda kutalii, huyu anaenda harusini. Ndege ya ndani ikichelewa siku yake ya kurudi, nani atamlipia ile ya kumrudisha nyumbani kupitia Addis Ababa?

Mwajuma_Moro

Mmenifungua macho. Mole nimefuta, msafiri wa Voi nisamehe. Swali la mwisho: nguo. Nilitaka kushona gauni jekundu na jeusi.

Fundi_wa_Tema

Dada, usithubutu! Nyekundu na nyeusi kwa Waasante, wenyeji wa Kumasi, ni za msiba, na misiba yao mikubwa huwa Jumamosi hiyohiyo. Utapanda basi la Kumasi ukaulizwa marehemu ni nani. Vaa rangi ya kung'aa au nyeupe, na mafuta ya kujipaka uyabebe, upepo wa harmattan ukianza kuleta vumbi la jangwani midomo inapasuka.

Salimia kwa mkono wa kulia, ukianzia kwa mtu wa kulia kwako. Hilo la mkono kwetu pwani ni lilelile. Na jina lako liseme wazi. Ukiwaeleza kwamba Mwajuma ni mtoto wa Ijumaa, watakubatiza hapohapo: Cape Coast utakuwa Efua, Kumasi utakuwa Afia. Kwao kila mtu ana jina la siku aliyozaliwa.

Hiyo khanga unampelekea imeandikwaje?

Mwajuma_Moro

Bado sijanunua. Jumamosi naingia Kariakoo. Wacha nichukue doti mbili, moja ya mama mkwe wake.