Jogoo wa Bibi kwenye mnada wa kanisa

*Kikundi: UKOO WA BIBI – KASULU, KIGOMA NA NG'AMBO 🙏🏾*

Alhamisi

Shangazi, 06:12
Mwakeye. Bwana Yesu asifiwe. Matangazo ya parishi kabla sijasahau. Leo saa kumi jioni maombi ya akina mama, kwa mama mchungaji. Kesho mazoezi ya kwaya. Jumamosi usafi wa kanisa, zamu ni ya mtaa wetu, kila mtu aje na fagio lake, msije mikono mitupu kama mwezi uliopita na nyie mnajijua. Jumapili ni MAVUNO. Ibada ni moja tu, saa tatu, mitaa yote inakuja parishini. Baada ya ibada mnada. Fedha ni za bati za nyumba ya mchungaji.

Baba Mdogo Mwalimu, 06:20
Amina dada. Hata la fagio limefika.

Mimi, 06:31
Shikamooni wote. Bibi anauliza atoe nini Jumapili.

Shangazi, 06:33
Marahaba. Atoe alichonacho, hakuna anayemdai. Debe la maharage linatosha kabisa.

Mimi, 06:40
Anasema maharage ni ya kula. Anamtoa Mwinjilisti.

Mama, 06:41
Mwinjilisti yupi tena jamani??

Mimi, 06:41
Jogoo mama. Yule mwekundu.

Baba Mdogo Mwalimu, 06:44
😂😂 Kwa wasiojua: aliitwa hivyo kwa sababu anaanza kuhubiri saa tisa usiku, hajaalikwa na mtu, na hana "neno la mwisho".

Dada Ohio, 06:52
Shikamooni wazee wangu. Huku bado ni Jumatano usiku, nimetoka zamu sasa hivi. Naomba nisikike: JOGOO ASIENDE. Miaka minne kila ujumbe wa sauti wa Bibi huyo jogoo yumo nyuma anawika. Nikiwa na kiu ya nyumbani nausikiliza tena, si kwa maneno, kwa ajili yake.

Shangazi, 06:55
Marahaba mama. Sadaka ikishatajwa haizuiwi. Nunua kwenye mnada kama wengine.

Dada Ohio, 06:56
Nikiwa Ohio?

Shangazi, 06:57
Si una simu.

Mama, 07:15
Kwani huko kwenu mavuno ni lini, na nyie si Anglikana?

Dada Ohio, 07:21
Ni Anglikana mama, ila huku wanaitwa Episcopal. Mavuno ya kuleta mkungu wa ndizi madhabahuni sijayaona. Inapofika vuli mnapewa kadi, unaandika mwaka ujao utatoa kiasi gani kila wiki, halmashauri ya parishi inapanga bajeti kwa zile kadi. Hakuna kuku, hakuna kelele. Baada ya ibada mnashuka ukumbini mnakunywa kahawa na keki, mnaulizana habari za mbwa.

Baba Mdogo Mwalimu, 07:24
Za mbwa?

Dada Ohio, 07:24
Mbwa wana majina na wanaumwa Baba Mdogo. Mmoja aliombewa.

Mama, 07:26
Mweee.

Ijumaa

Baba Mdogo Mwalimu, 13:05
Nimekaa ofisini nimeona niwasaidie vijana. Jina Episcopal maana yake ni kanisa lenye maaskofu, basi. Wamarekani walipojitenga na Uingereza, mapadri wao hawakuweza tena kumwapia utii mfalme, na maaskofu wa Uingereza hawakuweza kumweka wakfu mtu asiyeapa. Padri mmoja wao, Samuel Seabury, akaenda Scotland, ambako maaskofu hawakudai kiapo hicho, akawekwa wakfu Aberdeen mwaka 1784. Ndipo wakawa na askofu wao. Sisi huku Dayosisi ya Western Tanganyika tulikatwa kutoka Central Tanganyika mwaka 1966, makao yakawa hapa hapa Kasulu, askofu wa kwanza Musa Kahurananga, ambaye baadaye akawa Askofu Mkuu wa Tanzania nzima. Mti mmoja, matawi mawili.

Shangazi, 13:09
Mwalimu, hili si darasa la tano.

Baba Mkubwa Ujiji, 13:30
Nimesoma yote. Niseme lililo moyoni, na anisamehe mwanangu. Hilo tawi la pili ndilo ambalo maaskofu wetu mwaka 2006 walitangaza kwamba ushirika wetu nalo umeharibika vibaya, kwa mambo ya yule askofu wa New Hampshire wa 2003, aliyekuwa akiishi na mwanaume mwenzake. Hukupata kanisa jingine huko?

*Ujumbe huu umefutwa.*

Dada Ohio, 15:48
Shikamoo Baba Mkubwa. Nimeandika nikafuta, naandika tena. Nilifika Januari. Theluji magotini, sina gari, simjui mtu. Hilo kanisa lilikuwa ng'ambo ya barabara. Niliingia nimechelewa nikakuta mchungaji anasema ile sala ya mioyo yote kuwa wazi mbele za Mungu, wala hakuna siri iliyofichika kwake. Ile ile ambayo Bibi alitufundisha tukiwa tunapukuchua mahindi. Nikajikuta naimalizia kwa Kiswahili, kwa sauti. Watu wakageuka. Mama mmoja mzee akanisogezea kitabu na kuniwekea kidole kwenye ukurasa, 355, ili nijue tulipo. Huyo mama ndiye ananipitia na gari lake kila Jumapili mpaka leo. Hayo ya maaskofu nayajua, huku nako yanaongelewa, wengine wamehama kwa ajili yake. Mimi nilipata mahali pa kusalia.

Baba Mkubwa Ujiji, 16:20
Marahaba mwanangu. Mazungumzo hayo tutayamaliza ukija, tumekaa. Huyo mama mpe salamu zangu. Mimi napanda basi kesho asubuhi, nani anataka migebuka?

Shangazi, 16:21
MIMI

Mama, 16:21
Mimi kaka, na mawese lita tano.

Mimi, 16:22
Bibi anasema wawe wakubwa, mwaka jana ulileta watoto wa shule.

Jumamosi

Shangazi, 11:40
[Picha: madirisha ya kanisa, ndoo, wanawake watatu na fagio]
Usafi umekwisha. Fagio zilikuwa sita, watu ishirini na wawili. Sitaji mtu. Sasa napiga pasi vitambaa vya Meza ya Bwana, umeme umekatika, nimerudi kwenye pasi ya mkaa.

Dada Ohio, 15:02
Shangazi! Na mimi naenda kufanya kazi hiyo hiyo sasa hivi! Nimeingia kamati ya madhabahu, zamu yangu Jumamosi asubuhi. Kile kitambaa cha chini ya kikombe wananikunjisha mara tatu huku na mara tatu huku, kikifunguliwa kinaonyesha miraba tisa, na mkunjo ukikosea wanafungua unaanza upya. Halafu kuna sinki la ajabu. Bomba lake haliungani na maji machafu, linashuka moja kwa moja kwenye udongo, kwa sababu maji yaliyosuuza kikombe hayachanganywi na ya vyombo vya jikoni.

Shangazi, 15:10
Sisi tunasuuza, mchungaji anakunywa, imekwisha.

Baba Mdogo Mwalimu, 15:14
Hayo ya sinki ukienda Zanzibar au Masasi hawatakushangaa. Kule walilelewa na UMCA, wamisionari wa Kiingereza wa mambo ya ubani na kengele. Sisi ni watoto wa CMS, wamisionari wa ibada isiyo na mapambo, tena tawi la Australia. Ubani tunausikia kwa jirani zetu Wakatoliki.

Shangazi, 15:16
Darasa la tano limerudi.

Mama, 15:20
Mwanangu, mchungaji wenu anahubiri vizuri?

Dada Ohio, 15:27
Vizuri mama, ila dakika kumi na mbili. Ni mwanamke. Ofisini kwake ameweka picha ya wale wanawake 11 waliowekewa mikono kuwa mapadri Philadelphia mwaka 1974, kabla kanisa halijaruhusu. Ruhusa ilikuja 1976. Ibada zetu ni mbili. Ya saa mbili asubuhi haina wimbo hata mmoja, wazee kama kumi na tano, kila mtu na benchi lake, lugha ya kizamani. Ya saa nne na nusu ina kinanda cha mabomba na kwaya ya kanzu. Ibada ikichukua muda wa saa moja na robo watu wanatazama saa.

Mimi, 15:29
Sisi saa moja na robo wageni hawajasimama kutambulishwa.

Baba Mkubwa Ujiji, 15:31
Na kwaya ya tatu haijaimba "wimbo wetu wa mwisho", ambao una wa pili yake.

Baba Mkubwa Ujiji, 15:33
Nimefika Kasulu. Basi limepitiliza kituo, nimerudi kwa bodaboda na samaki mapajani. Mama mzima, jogoo pia mzima. Ana paja huyu.

Jumapili

Mimi, 11:58
Dada uko macho? Tumeshatoka nje, mnada unaanza. Leo meza ya Bwana ilikuwa haionekani kwa mihogo.

Dada Ohio, 11:59
Niko macho. Hapa ni saa kumi na moja kasoro alfajiri. Nimevaa hata kilemba.

Mimi, 12:06
Mkungu wa ndizi elfu 18. Debe la maharage elfu 40. Yai MOJA la mtoto wa Sunday school limekwenda elfu tano, mnadi amelishika juu kama dhahabu.

Mimi, 12:14
Ametoka!! Amefungwa miguu na kitambaa chekundu. Anawika mikononi mwa mnadi, watu hoi. Mnadi anasema "huyu ni mtumishi mwenzenu". Anaanza na 15.

Dada Ohio, 12:14
20

Mimi, 12:15
Nimetaja. Kuna mtu mbele kasema 25.

Dada Ohio, 12:15
30

Mimi, 12:15
35 huyo wa mbele. Ni mzee, simwoni, nguzo ya turubai imemficha.

Dada Ohio, 12:16
40. Mwambie kuna mtu Marekani

Mimi, 12:17
Nimesema. Kosa. Watu wamepiga vigelegele, mzee amepandisha 50 hapo hapo.

Mama, 12:17
Mimi niko nyuma na akina mama, nani huyo mbishi?

Dada Ohio, 12:18
60

Mimi, 12:18
70

Mimi, 12:18
Yaani yeye kasema 70, si mimi.

Dada Ohio, 12:19
75 jamani

Mimi, 12:20
80. Mhazini ameacha kuandika, anapiga makofi tu.

Dada Ohio, 12:21
95. Hiyo ni kama saa mbili za kazi yangu, potelea mbali. Akiongeza hapo mwachie.

Mimi, 12:22
95 mara ya kwanza... mara ya pili...

Mimi, 12:23
TATU! Ni wako! Elfu tisini na tano!

Mimi, 12:25
Dada. Yule mzee amegeuka kutazama nani kamshinda.

Mimi, 12:25
Ni Baba Mkubwa.

Shangazi, 12:40
😂😂😂😂😂 Ndiyo nawasha simu. Mungu wangu. Ukoo mmoja!

Baba Mkubwa Ujiji, 12:52
Simu nilizima ibadani kama mtu mwenye adabu. Nilijua napambana na mfanyabiashara. Nilitaka supu tu.

Baba Mdogo Mwalimu, 12:55
Jogoo wa elfu ishirini na tano, kwa 95. Bati mbili tatu hizo zimepatikana kwa kutosoma ujumbe.

Shangazi, 12:57
Mchungaji amesema kila mwaka tusimame pande mbili tofauti za turubai hivyo hivyo.

Dada Ohio, 13:03
Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta. Fedha nimetuma kwenye simu ya mdogo wangu, apewe mhazini. Jogoo arudi kwa Bibi leo leo, iwe zawadi yangu kwake. Baba Mkubwa samahani sana, supu nitakununulia.

Baba Mkubwa Ujiji, 13:05
Ya mbuzi.

Mimi, 16:30
Mwinjilisti amefikishwa. Bibi alikuwa amelala, nimemfungua nikamwacha uani.

Dada Ohio, 19:10
Nimetoka kanisani. Nimesinzia kwenye mahubiri, zile dakika kumi na mbili zilitosha kabisa. Kwenye kahawa nimewasimulia mnada. Hawakuamini habari ya yai. Yule mama anayenipitia ameuliza kama mwakani anaweza kushiriki kwa simu.

Shangazi, 19:12
Mwambie anakaribishwa. Tutamweka upande wa tatu wa turubai.

Jumatatu

Mimi, 05:50
[Ujumbe wa sauti wa Bibi, dakika 0:41]

Mimi, 05:52
Kwa walioko kazini wasioweza kusikiliza, Bibi anasema: "Nani amemrudisha huyu? Mimi nina miaka themanini, tangu saa tisa sijafumba jicho. Nilikuwa nimepata njia ya kuachana naye bila dhambi, nimemtoa kwa Bwana, Bwana akampokea, nyie mmemnunua mkanirudishia. Nani kawatuma?"

Mama, 05:55
Jamani 😂 na mimi nilidhani anampenda.

Baba Mkubwa Ujiji, 05:58
Basi langu ni saa mbili. Nina kamba na nina nafasi mapajani.

Shangazi, 06:01
Kaka usithubutu, ana mwenyewe sasa. Mama avumilie wiki hii, tutamwomba mchungaji amhifadhi, nyumba yake iko mbali na majirani.

Dada Ohio, 06:04
Bibi shikamoo, nisamehe. Jumapili nyingine mtoe tena, sitanunua, naahidi.

Dada Ohio, 06:05
Ila mdogo wangu, mwombe Bibi arudie kutuma hiyo sauti. Mwishoni jogoo amekatika kabla hajamaliza.