Mjadala: Mwaka wa tatu chuo, Kiingereza cha kuongea bado kigumu. Tufanyeje?

Mleta mada: Wakuu, jana kwenye prezentesheni kundi zima limesoma slaidi bila shida, lekchara kauliza swali moja tu, kwa nini mlichagua njia hii, wote wakainama kuangalia karatasi. Na hao hao mtihani wa kuandika wanapasua. Tufanyeje? Naona wengi ni wale wa shule za kata.

Mwalimu wa kata: Hapo mwisho umeharibu. Mtoto kasoma Kiswahili mpaka la saba, fom wani anakutana na Baiolojia kwa Kiingereza, darasa limejaa hadi mlangoni, halafu leo unamsimanga?

Dada wa Sinza: Ticha usipaniki ila ukweli usemwe, nyie wenyewe mnaandika notsi kwa Kiingereza mnaelezea kwa Kiswahili, mtoto ataongelea wapi?

Mwalimu wa kata: Nikielezea kwa Kiingereza kitupu wanakodoa macho tu. Unataka waelewe somo au wateme yai? Njoo ushike kipindi changu kesho.

Mjomba Moro: Haya yalishasemwa zamani. Tume ya Makweta, ile ya rais ya kuchunguza elimu, 1982 ilitaka sekondari wafundishwe kwa Kiswahili, serikali ikagoma. Sera ya elimu ya 2014 nayo ikafungua mlango kwa Kiswahili, lakini sekondari mambo ni yale yale.

Wa mwaka wa pili: Mimi nimesoma English medium toka chekechea na bado naogopa kunyoosha mkono. Tatizo ni kuchekwa. Binti mmoja kwenye semina alisema "he go", huko nyuma wakapiga "woooh", semesta nzima hakuongea tena. Na lile somo la stadi za mawasiliano la mwaka wa kwanza, ukumbi umefurika, anayeongea ni lekchara peke yake, sisi tunanakili.

Dada wa Sinza: Kuchekwa tu? Mtu mzima unasusa kuongea kisa umechekwa, kwenye intavyuu itakuwaje?

Wa mwaka wa pili: Wewe hukuwepo dada. Tupeni semina za watu wachache tuongee kila wiki, hata kwa kukosea, muone.

Mwalimu wa kata: Mleta mada hajanijibu la kata.

Mleta mada: Sijamtukana mtu, nimesema ninachokiona darasani.

Mwalimu wa kata: Darasani kwako umewauliza wote walikosoma? Jibu hilo kwanza.