Naomba ushauri: kitambaa changu cha kroshia kinazidi kuwa chembamba

Ndugu wafumaji, habari zenu. Hii ni wiki ya tatu tangu nianze kujifunza kroshia, na nimekwama kwenye jambo ambalo huenda kwenu ni dogo. Ninafuma kipande cha mraba cha mazoezi, kwa mshono ule mfupi wa msingi na uzi wa akriliki wa unene wa kati. Nilianza na vitanzi 21 vya mnyororo, nikapata mishono 20 katika mstari wa kwanza, lakini nilipofika mstari wa kumi nilihesabu 16 tu, na kitambaa kilikuwa kimechongoka kwa juu kama tanga.

Nimekwisha kukifumua mara tatu, hata uzi wenyewe umeanza kutoa manyoya. Kwa kudhani kwamba ninakaza mno, niliiacha sindano ya milimita 4 nikachukua ya milimita 5. Mishono ililegea vizuri, ila kingo ziliendelea kuingia ndani. Juzi nilifunga kipande cha uzi mwekundu kwenye mshono wa kwanza wa kila mstari, na upotevu ukapungua. Tatizo lililobaki liko mwishoni, ambako mshono wa mwisho umelala ubavu na sindano haiupenyi kwa urahisi.

Je, kile kitanzi kimoja ninachofuma ninapogeuza kazi kihesabiwe kuwa mshono, au nikiruke? Na mshono wa mwisho ninautambuaje bila kufunga alama kila mara?

Natanguliza shukrani.