Mahamri na mbaazi za nazi: kalori zinajificha wapi?

BintiChumbageni: Shikamooni wakubwa. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, kutwa nimekaa kitako. Asubuhi mahamri kwa mbaazi za nazi na chai ya sukari vijiko vitatu, mchana wali wa nazi. Gauni zangu mwenyewe nazitanua! Mbaazi ndizo zinazoninenepesha?

BabaBaiskeli: Marahaba mwanangu. Mbaazi ziache, hazina kesi. Gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4, ya mafuta ina 9. Kwa hiyo kijiko cha mezani cha mafuta ya kula ni kama 120, na hamri linapotoka karaini limeshayanywa. Gramu 100 za wali mweupe ni kama 130. Tui zito kiasi hichohicho linapita 200. Sukari yako ya chai ni 50 hivi kwa kikombe. Unakunywa vingapi?

BintiChumbageni: Vinne, baba. Wateja wakija nakunywa nao.

MamaWatatu: Basi hapo pana 200, mdogo wangu! Wanawake wengi hutajiwa 2,000 kwa siku, ila umri, umbo na kazi hubadilisha. Mwili unatumia nyingi hata umelala, moyo na ubongo havina likizo. Baba hapo juu anapiga pedali na magunia ya nazi, usijipimie sahani yake. Tui jepesi, hamri moja, jioni tembea mpaka Raskazone.

BintiChumbageni: Na dafu je?

BabaBaiskeli: Maji yake kunywa, gramu 100 ni kama kalori 20. Nazi iliyokomaa ndiyo inapita 350.