Mjadala: Mikoa yenye watoto wengi iongezewe fungu, au "wamejitakia"?

Mleta mada

Wakuu, juzi kwenye daladala ya Mbagala jamaa mmoja alikuwa anasoma habari za uhaba wa madarasa Geita. Akairudisha simu mfukoni na kusema kwa sauti: "Wanazaa bila breki, halafu kodi yangu ndiyo ikawajengee." Gari zima likacheka. Mama yangu ni wa Maswa, Simiyu, kanda hiyo hiyo ya Geita, sikucheka. Kituo changu kikafika kabla sijamjibu, ndiyo maana nimeileta hapa.

Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, na kwenye kila watu 100, karibu 43 hawajafika miaka 15. Ila watoto hao hawakutawanyika sawasawa. Kilimanjaro ilitoka watu 1,640,087 mwaka 2012 ikafika 1,861,934. Geita ilitoka 1,739,530 ikafika 2,977,608. Geita kuna dhahabu, na wengi wamehamia, sawa. Lakini kasi ya uzazi nayo imo, wala tusidanganyane.

Viongozi wenyewe hawakuliona jambo hili kwa jicho moja. Mwaka 2018, akiwa Meatu mkoani Simiyu, Hayati Magufuli alisema wanaotumia uzazi wa mpango ni wavivu wanaoogopa kulisha watoto. Mwaka 2022, akiwa Geita, Rais Samia akawaomba wananchi wapunguze kasi. Miaka minne tu hapo katikati, na kanda ni ile ile.

Hoja inayonisumbua ni hii ya kwamba fedha za shule na afya ziwekewe kikomo, eti ukifuata idadi ya watoto unawatunza wasiojipanga. Mimi napinga. Mtoto anayezaliwa Bariadi leo, baada ya miaka 20 anafungua duka la vipuri Kariakoo au anabeba zege Dodoma. Jasho lake linaliwa huko. Uji wake, homa zake na dawati lake vimelipwa Simiyu. Sasa anayemlea kwa niaba ya wengine ndiye wa kupunguziwa?

Halafu tuangalie neno kaya. Kwenye sensa, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Mwaka 2012 wastani wa kaya Simiyu ulikuwa watu 6.9, wakati taifa lilikuwa na 4.7. Msomaji wa mjini anaona 6.9 anadhani ni mama mmoja na watoto watano. Nendeni kwenye mji wa mzee wa Kisukuma mkaone: mzee, wake wawili, kijana aliyeoa ambaye bado hajapewa sehemu yake, wajukuu, na mchunga ng'ombe asiye ndugu wa mtu. Wote chungu kimoja. Kuna uzazi mle ndani, lakini kuna pia namna ya kuishi.

Karibuni, hoja si matusi.

Wa Rombo

Mkuu, umeongea vizuri lakini umeruka jambo. Sisi wa Kilimanjaro hatukupunguza watoto kwa kupenda. Kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo, kiligawanywa kwa wana wanne, cha baba kikagawanywa kwa watatu, mimi nimepata migomba thelathini na kaburi la shangazi katikati. Nimezaa wawili nikafunga. Leo unaniambia fedha ziende kwa ambaye hakufunga. Kujibana kwangu kunalipwa nini?

Mleta mada

Wa Rombo, wewe na hao watoto wawili, usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 mlilala wapi?

Wa Rombo

Dar. Nimekuelewa unapokwenda.

Mleta mada

Nyumbani alilala bibi na mlinzi. Sensa inamhesabu mtu alipolala. Ingefanyika Desemba, watu wakirudi nyumbani kwa Krismasi na barabara ya Himo ikiwa imejaa magari, Kilimanjaro ingekuwa mkoa mwingine kabisa. Sisemi hamkujipanga, nasema sehemu ya huo "mpango" ni kwamba watoto wenu wanahesabiwa na kusoma Dar.

Muuguzi, Mtwara

Niongezee la huku. Sensa ya 2012 ilionyesha kaya za Mtwara na Lindi kwa wastani hazifiki watu wanne, kwa hiyo kwenye karatasi sisi ni watulivu. Mlangoni kwangu mambo ni mengine. Bibi mmoja alikuja kliniki na wajukuu sita wa mabinti zake watatu, wote wako mjini. Alikuwa kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini. Awamu ile ya kwanza ililipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila mtoto wa shule ya msingi anayehudhuria, mwisho watoto wanne. Wake walikuwa sita. Mnaotaka kikomo, mmeshakiona kikifanya kazi: kilimkata mtu ambaye alishamaliza kuzaa miaka 25 iliyopita.

Mpinga mada

Huruma nzuri, hesabu mbovu. Tuache shule kwanza. Mwaka 2025 Tume ya Uchaguzi iliongeza majimbo 8 ya ubunge. Manne kati yake, yaani Katoro, Chato Kusini, Bariadi Mjini na Itwangi, yako Geita, Simiyu na Shinyanga. Mtoto wa miaka miwili hapigi kura, lakini anahesabiwa na anamletea mkoa mbunge. Mkoa ukishajua kwamba idadi ni nguvu, nani atahangaika kusema punguzeni?

Mleta mada

Kwenye majimbo umenishika, sina jibu safi. Ila sijamwona mama anayebeba mimba ya saba ili Katoro ipate mbunge. Wala hapati ile ruzuku ambayo serikali hutoa kwa kila mwanafunzi, inakwenda kwenye akaunti ya shule. Ukitaka kasi ipungue, mbakize binti shuleni. Tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi. Arudi kwenye darasa lipi sasa, kama fungu umelikata?

Mwalimu, Meatu

Nimewasoma wote nikiwa nasahihisha. Darasa langu la kwanza lina watoto 170. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, 6,000 ndiyo inayofika shuleni. Zidisheni: 1,020,000. Hiyo ni chaki, karatasi za mitihani na ukarabati. Chumba cha pili hakimo humo, kwa hiyo nusu wanaingia asubuhi, nusu mchana, na mchana wanasinzia.

Lakini kuna jambo hamjaligusa. Shule ilipofunguliwa, watoto 23 hawakuonekana. Nikaulizia, nikaambiwa familia zimeswaga ng'ombe kwenda Mpimbwe, Katavi. Katavi yenyewe ilitoka watu 564,604 mwaka 2012 ikafika 1,152,958 mwaka 2022, nadhani sasa mnajua baadhi yao walitoka wapi. Majina ya wale 23 bado yako kwenye daftari langu, hakuna aliyeomba uhamisho. Fungu lao linakuja kwangu, wao huko wamekaa chini kwenye shule ambayo haikuwategemea. Nikiwafuta, shule yangu inapungukiwa. Nisipowafuta, najua ninakula cha nani.

Mnaobishana mkoa gani upewe, hao 23 mnawaweka wapi?