MJADALA: Muziki wa Renesansi ya Italia ulijengwa na Waitalia, au na wageni wa mshahara?

Mleta mada:
Wadau, kila ikitajwa Renesansi, ule mwamko wa sanaa na elimu Ulaya, muziki nao unapewa Italia kama ilivyo kwa uchoraji. Napinga. Kwa takriban miaka mia moja wakubwa wa fani walitoka kaskazini, huko mpakani mwa Ufaransa na Ubelgiji ya leo. Kanisa kuu la Firenze lilipowekwa wakfu 1436, kuba la Brunelleschi likikaribia kukamilika, moteti (wimbo wa kanisa wa sauti kadhaa) ya siku ile aliitunga mtu wa kaskazini, Guillaume Du Fay. Kanisa la San Marco la Venezia lilimkabidhi mwenzake wa kaskazini, Adrian Willaert, kwaya mwaka 1527, akakaa nayo mpaka kifo chake 1562.

Na walijua bei yao. Mwaka 1502 Ercole d'Este, mtawala wa Ferrara, alikuwa anatafuta mtunzi. Watunzi wawili wa kaskazini, Isaac na Josquin, walikuwa wanafikiriwa. Mtu wake akamwandikia: mchukue Isaac, anaelewana na wenzake na anatunga haraka. Josquin anatunga vizuri zaidi, ila hutunga akitaka yeye, si ukitaka wewe, tena anadai dukati 200 wakati Isaac atakuja kwa 120. Ercole akamchukua Josquin! Italia ilitoa hela na kuta zenye mwangwi. Nipingeni.

Jibu:
Mkuu, umehesabu walikozaliwa, nyimbo zenyewe hujazisikiliza. Wageni wakiwa wanatunga misa zao, kule Mantova watunzi Cara na Tromboncino, Waitalia, walikuwa na frotola: sauti ya juu inabeba shairi, za chini zinaisindikiza, mara nyingi ni mwimbaji mmoja na luti, nduguye udi. Kuanzia 1504 mchapaji Petrucci wa Venezia alichapa vitabu vya frotola kimoja baada ya kingine. Asingechapa kama havinunuliwi.

Sasa chukua wimbo wa Kiitaliano "Il bianco e dolce cigno" wa Arcadelt, mgeni pia. Mimi naimba sauti ya tenor, na kwaya yetu tumeufanyia mazoezi. Sehemu kubwa ya wimbo sauti nne zinatamka pamoja, shairi unalisikia lote. Ukifika mwishoni, penye "vifo elfu kwa siku", ndipo sauti zinaanza kuingia moja nyuma ya nyingine, maneno yaleyale yanarudi na kurudi, unahisi kweli vifo ni vingi. Kufukuzana kwa sauti ni ufundi wa kwao kaskazini. Kuubana ufundi huo mpaka shairi liuombe, hilo kafundishwa na ushairi wa Kiitaliano.

Mwingine:
Roma mbona mmeiruka? Halafu asije mtu na ile hadithi ya Palestrina, mtunzi wa Roma, kuokoa muziki wa kanisa kwa misa moja mbele ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki. Hadithi hiyo ilibuniwa baadaye.

Mleta mada:
La shairi nakubali nusu. Lakini 1565 San Marco inampata Mwitalia, Zarlino wa Chioggia. Mwanafunzi wa nani? Wa Willaert! Na kitabu chake cha nadharia ya muziki cha 1558 kinamsifu mwalimu wake kupita kiasi.

Jibu:
Na Zarlino naye alimfundisha nani? Vincenzo Galilei, baba wa yule wa darubini. Mwaka 1581 huyo akamgeuka mwalimu wake: sauti nyingi zikiimba kila moja na lake zinaua maneno, turudi kwa mwimbaji mmoja. Mwaka 1600, Firenze, *Euridice*, opera ya Peri, ikaimbwa hivyo, mtu mmoja na ala chache nyuma yake. Iweke kando ya frotola ya Cara, usikilize, kisha urudi hapa.