Nyie wa elimu ya TB na ukimwi, mnakuja kutusaidia au kutuanika?

Wakuu nina hasira wiki nzima ngoja niziteme hapa.

Mdogo wangu ni bodaboda, tumepanga Mbagala. Kakohoa zaidi ya mwezi, kakonda, usiku jasho mpaka shuka unakamua, nikamburuza zahanati wakachukua makohozi, TB. Wakampima na ngoma, yaani ukimwi, hana. Akaanzishiwa dozi ya miezi 6 bure kabisa, hapo siwalaumu.

Wiki ya tatu likaja gari ubavuni limeandikwa TB NA UKIMWI, likapaki mlangoni kwetu, wakashuka wanne na fulana zao, mmoja anauliza kwa sauti pale bombani wamama wanafua "mgonjwa wetu wa TB anakaa chumba kipi?" Jamani!! Najua lazima tunaokaa naye tupimwe na hiyo kazi naiheshimu, lakini si namba yake ya simu mnayo??

Jioni nyumba nzima imeshasema dogo kakanyaga waya, yaani ana ukimwi. Mwenye pikipiki kachukua pikipiki yake. Mama ntilie kamtengea kikombe, kakifunga uzi mwekundu mkononi kisichanganyike na vingine. TB inapita kwenye hewa, haiko kwenye kikombe, na mtu akishameza dawa wiki mbili tatu vizuri uwezo wa kuambukiza unashuka sana, sasa hilo kwa nini hawakumwambia yule mama wakati wamesimama hatua kumi toka kwenye meza yake? Wao kila Jumamosi spika sokoni, singeli, TB na ukimwi ni mapacha, wanapakia vyombo wanaondoka, watu wanabaki wanajua kila anayekohoa ana ngoma.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Usiku dogo kaniita chooni anamulika na simu, mkojo una rangi ya machungwa imeiva kabisa, anatetemeka, "braza nakojoa damu". Akaacha dawa siku nne kimya kimya. Kumrudisha, nesi anajibu hiyo ni rangi ya dawa, kawaida. KAWAIDA? Ungemwambia siku ya kwanza ungepungukiwa nini dada yangu? Hivyo hivyo ndo watu wanaacha dozi katikati wanaishia TB sugu.

Sasa kagoma kabisa kukanyaga pale, anasema bora afe. Aliyewahi kuhamisha mgonjwa wa TB kituo, wanatoa barua au anaenda na kadi yake tu? Dawa alizonazo ni za mpaka Ijumaa.